Kituo Kilichowaonea Haya Watu Wake

Mambo mengi duniani hufa kwa maradhi, na mengine hufa kwa uzee. Lakini yako mambo ambayo hufa kwa kujionea haya. Kifo cha namna hii ni kigumu kupelelezwa, kwa sababu aliyekufa huwa ndiye aliyejiua, na walio hai hubishana miaka mingi wakimtafuta muuaji mahali asipokuwapo. Katika insha hii nataka kueleza habari za kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kilichoitwa G4. Kilizaliwa kwa ajili ya michezo ya video, kikapata jina kwa michezo hiyo, kikaitupa, kikafa, kikafufuliwa, kisha kikafa mara ya pili. Hukumu nyingi zimekwisha kutolewa juu ya kifo chake. Naona kuwa zilizo maarufu kati ya hizo si za haki, na nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Kituo hiki kilifunguliwa tarehe 24 Aprili, 2002, na kampuni ya Comcast, ambayo ni mojawapo ya makampuni makubwa ya televisheni ya waya nchini Marekani. Mwasisi wake alikuwa Charles Hirschhorn, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika kampuni ya Disney. Siku za mwanzo kabisa, kabla ya vipindi kuanza, kituo kilionyesha mchezo mmoja tu mchana na usiku, nao ni Pong. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972: vijiti viwili na kitone kimoja cha nuru, kikienda na kurudi mfano wa mpira wa meza. Asiyejua maana yake angaliweza kucheka. Walakini haikuwa mzaha, ilikuwa salamu. Kila mchezaji aliyeiona alijua kuwa ameambiwa: hapa ni kwenu, na huyu ndiye babu yenu.

Salamu hiyo ilifuatwa na vitendo. Palikuwa na kipindi kilichoitwa Icons, kilichosimulia historia ya watu na makampuni yaliyotengeneza michezo. Palikuwa na vipindi vya kuhakiki michezo mipya, vya kufundisha mbinu za kushinda, na vya kuwashindanisha wachezaji. Baadaye kilikuja X-Play, ambamo Adam Sessler na Morgan Webb walipima mchezo kama mhakiki apimavyo kitabu: wakasifu penye sifa, wakalaumu penye kasoro, wala hawakumwogopa mtengenezaji. Kila ulipofika wakati wa maonyesho makubwa ya michezo yaliyoitwa E3, mjini Los Angeles, kituo kilikuwapo, kikawapelekea watazamaji habari hata katika miji midogo ambayo haikuwa na mtu wa kuzungumza naye mambo hayo.

Hapa ndipo mbishani wa kwanza anaponyosha mkono. Yeye husema kuwa kituo kilikufa kwa sababu michezo ya video ni upuuzi, na kwamba hapana mtu mwenye akili timamu atakayekaa kumtazama mwenziwe akicheza. Mbishani huyu angefika pwani yetu jioni moja, akaona wazee wanaocheza bao barazani, angejifunza jambo. Wachezaji ni wawili. Waliowazunguka huenda wakawa kumi. Hao kumi hawagusi kete hata moja, lakini hawaondoki. Wanahesabu, wanaguna, wanatabiri, wanacheka kosa la huyu na kushangilia werevu wa yule. Wanatazama akili ikifanya kazi. Mtu ambaye hutumia saa mbili kutazama watu ishirini na wawili wakifukuza mpira mmoja hana haki ya kumcheka mwingine atazamaye mchezo wa kioo. Tamaa ya kutazama mchezo ni ya kale kuliko umeme, nayo haikuwa udhaifu wa G4. Ilikuwa mtaji wake.

Basi nini kiliuharibu mtaji huo? Turudi mwaka 2004. Wakati huo palikuwa na kituo kingine, TechTV, kilichokuwa na makao yake San Francisco. Kilianza mwaka 1998 kwa jina la ZDTV, na kazi yake ilikuwa kueleza kompyuta na ufundi wa kisasa kwa lugha ambayo kila mtu angeielewa. Kilionekana katika nyumba nyingi kupita G4. Comcast ikakinunua, na tarehe 28 Mei, 2004, vituo viwili vikafanywa kimoja kwa jina la G4techTV. Watumishi wengi wa San Francisco walipoteza kazi; wachache walihamia Los Angeles. Watazamaji wa TechTV waliahidiwa ndoa, lakini waliyoyaona yalikuwa mazishi, maana mwanzoni mwa mwaka 2005 jina la TechTV lilifutwa, na vipindi vyake vingi vikafutwa pamoja nalo. Kile kilichopendwa zaidi, The Screen Savers, kiligeuzwa umbo na kuitwa Attack of the Show!

Nisimdhulumu mtu. Attack of the Show! kilipata wapenzi wake, na watangazaji wake, Kevin Pereira na Olivia Munn, walijulikana sana. Lakini katika tendo lile la mwaka 2004 palikuwa na mbegu ya msiba. Comcast haikununua watu waliopenda TechTV. Ilinunua waya zilizoingia katika nyumba zao. Iliitaka njia, haikumtaka msafiri. Na mwenye nyumba ambaye huhesabu milango na kusahau wageni, hatimaye hubaki na milango.

Mbegu hiyo iliota upesi. Katika miaka iliyofuata, saa za kituo zilijazwa marudio ya Cops, kipindi cha polisi wanaofukuza wahalifu, na Cheaters, kipindi cha kupeleleza wapenzi wasio waaminifu. Fikiri, msomaji, juu ya kijana aliyerudi shuleni, akafungua kituo alichoambiwa kuwa ni cha wachezaji, akakuta mtu amelazwa kifudifudi barabarani, mikono yake imefungwa pingu. Hapo mchezo uko wapi? Wenye kituo walisema kuwa vijana wa kiume hupenda mambo mengi, si michezo peke yake. Ni kweli, kijana hupenda pia wali na nyama, lakini haendi kuvitafuta katika duka la vitabu.

Mbishani wa pili ni mtu wa hesabu. Yeye husema: biashara si sadaka, marudio ya kipindi cha zamani ni rahisi kuliko kutengeneza kipya, na kama Cops huvuta watazamaji wengi kuliko uhakiki wa mchezo, mwenye mali ana haki ya kumfuata mtazamaji. Hoja hii ina nguvu, wala sipendi kuikimbia. Mwenye mali ana haki ya faida. Lakini hesabu yake ilikuwa ya siku moja. Cops kilionekana katika vituo vingine pia, na mtu aliyekipenda hakuwa na sababu ya kuwa mwaminifu kwa G4. Aliingia kama apitaye chini ya mti kukwepa mvua. Mpenzi wa michezo, kwa upande wake, hakuwa na mahali pengine katika televisheni ya nchi ile. Huyu ndiye ambaye angelalamika kituo kikiondolewa, angeandika barua, angetetea. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wenye G4 waliacha mbacha uliokuwa wao peke yao, wakakimbilia msala uliokuwa wa kila mtu.

Tena si kweli kuwa kila kigeni kilikuwa kibaya. Kituo kilileta kutoka Japani mashindano ya kuruka na kuparamia vizuizi yaitwayo Ninja Warrior, na mwaka 2009 kikaanzisha toleo lake la Kimarekani, ambalo baadaye lilihamia katika kituo kikubwa cha NBC na kustawi huko. Huo ulikuwa ugeni wa heshima, kwa kuwa ulikuwa mchezo, na mpenzi wa michezo aliuelewa bila ya kufasiriwa. Kwa hivi sisemi kuwa kituo hakikuwa na haki ya kupanuka. Mti hupanuka kwa matawi yake. Haupanuki kwa kung'oa mizizi yake na kuitundika juu.

Malipo yalikuja kwa zamu. Tarehe 1 Novemba, 2010, DirecTV, kampuni kubwa ya televisheni ya setilaiti nchini humo, ilikiondoa kituo katika orodha yake. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa X-Play na Attack of the Show! vitakoma, na mwezi Januari, 2013, vilionyeshwa kwa mara ya mwisho. Wenye mali wakakusudia kukigeuza kituo kizima kiwe cha mavazi na starehe za waungwana, kwa jina la gazeti la Esquire. Hata aibu hiyo haikukamilika: mwezi Septemba, 2013, jina la Esquire lilipewa kituo kingine, na G4 ikaachwa ikirudia vipindi vya zamani kama mzee anayesimulia hadithi katika nyumba ambayo wenyewe wamekwisha hama. Mwisho wa mwaka 2014 ilizimwa.

Sasa anasimama mbishani wa tatu, naye ndiye mwenye wafuasi wengi. Yeye husema: msitafute mkosaji, intaneti ndiyo iliyoua. YouTube ilianza mwaka 2005, Twitch ikaanza mwaka 2011, na televisheni haikuweza kushindana nazo. Hoja hii hupendwa kwa kuwa haimlaumu mtu. Huifanya ajali kuwa mkosaji. Lakini tuipime kwa tarehe. Twitch ilipozaliwa, Cops ilikuwa imekwisha kukaa miaka katika sebule ya G4. Mwenyeji alikuwa amekwisha kuwafukuza wageni wake kabla ya jirani kujenga nyumba. Kisha tuipime kwa fedha. Mwaka 2014, mwaka uleule ambao G4 ilizimwa, kampuni ya Amazon iliinunua Twitch kwa dola zipatazo milioni 970. Twitch ilikuwa na kazi gani? Ilikuwa mahali pa kuwatazama watu wengine wakicheza michezo ya video. Basi kitu ambacho Comcast ilikiona hakitoshi kushibisha kituo kimoja, kilipimwa na mwingine, mwaka huohuo, kwa karibu dola bilioni moja. Intaneti haikuua njaa ya watazamaji. Iliwalisha wale ambao G4 iliwaondoa mezani.

Wako watakaosema kuwa hata kama G4 ingalishikamana na watu wake, ingalizidiwa hatimaye. Yawezekana. Lakini ni jambo moja kushindwa ukiwa umesimama penye zamu yako, na jambo jingine kuiacha zamu kisha kudai kuwa adui alikuwa na nguvu. Kituo kilichokuwa na waandishi, wahakiki, jina na mapenzi ya vijana kilikuwa na miaka kadhaa ya kujiandaa. Miaka hiyo ilitumiwa katika kuonyesha watu wanaofungwa pingu.

Ushahidi wa mwisho ulitolewa na wenye mali wenyewe. Tarehe 16 Novemba, 2021, waliifufua G4. Waliwarudisha baadhi ya watangazaji wa zamani, Sessler na Pereira wakiwamo; wakarudisha X-Play na Attack of the Show!; wakaonekana katika televisheni na pia katika Twitch na YouTube. Kwa kufanya hivi walikiri, bila ya kutamka, kuwa kile walichokitupa kilikuwa na thamani. Lakini watoto wa mwaka 2002 walikuwa watu wazima, na watoto wapya walikuwa na marafiki wapya, ambao walicheza nao na kuzungumza nao kila siku pasipo kuhitaji kituo. Watazamaji walikuwa wachache, fedha hazikurudi, na tarehe 16 Oktoba, 2022, kabla ya kutimiza mwaka, kituo kikafungwa tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Uaminifu wa watu si taa, izimwe usiku na kuwashwa asubuhi.

Msomaji aweza kuuliza, habari za kituo cha mbali zanihusu nini mimi niliye darasani? Zinakuhusu sana. Kesho wewe utakabidhiwa kitu: huenda likawa gazeti la shule, chama cha mijadala, duka la mzazi wako, kwaya, au ofisi ya umma. Kitu hicho kitakuwa na watu wake, na huenda watu hao wakawa wachache, wasio na sifa mbele ya wakubwa. Atakuja mshauri mwenye kalamu na hesabu, akuambie kuwa watu hao ni wadogo mno, kwamba wako wengine walio bora na wengi zaidi, na kwamba hupotezi kitu ukibadili kidogo leo na kidogo kesho. Msikilize, kwa kuwa hesabu ni elimu. Lakini kabla ya kumkubalia, muulize swali moja: hao wengine unaonionyesha, siku nitakapoanguka, ni nani kati yao atakayejua kuwa nimeanguka?

Kama hana jibu, mrudishie kalamu yake, ukawahudumie watu wako.