Begi Lako Jepesi, Maji Yako Anabeba Nani?

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi alinunua begi la mgongoni kwa karibu shilingi elfu arobaini, na hapo bado hujahesabu ushuru. Ni jepesi, hilo siwezi kumnyima. Gramu mia tisa na kidogo. Analiita "altralaiti", kwa sauti ile ambayo shangazi yangu hutumia akimtaja mwinjilisti wake. Pesa zenyewe zilitoka kwenye mkopo wa simu na kodi ya nyumba ya mwezi mmoja, kodi ambayo landilodi wake bado anaingoja.

Simcheki kwa sababu ya deni. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu nikidaiwa karo ambayo sijui nitailipa lini, kwa hivyo mambo ya madeni sina mdomo. Ninachogombana nacho ni hesabu.

Begi la kawaida la kupandia milima, lile lenye fremu na mifuko kila pembe, huwa na kilo mbili hivi likiwa tupu. Lake halifiki kilo moja. Ameokoa kilo moja na kitu. Lita moja ya maji ina kilo moja. Yaani huyu bwana alitoa elfu arobaini ili apunguze mgongoni uzito wa chupa moja ya maji. Halafu tulipopanda Homa Hills Januari, maji yenyewe hakuyabeba.

Kwa asiyejua, Homa Hills ziko upande wa Karachuonyo, kwenye ile ncha ya nchi inayoingia ziwani. Kilele ni mita 1,751 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi, kwa hivyo ukianzia chini unapanda mita mia sita hivi. Si Kilimanjaro. Lakini jua la huko mwezi wa kwanza halina adabu, na ukitoka chini bila maji usidhani utayakuta mbele. Tulikuwa watu tisa na mpango wa kulala juu usiku mmoja. Orodha ya vitu vya kubeba ilikuja kwa WhatsApp, imenakiliwa kutoka kwa Mmarekani fulani, na kila kitu kimeandikiwa gramu zake. Kijiko, gramu tisa. Mswaki uliokatwa mpini, sijui gramu ngapi. Maji hayakuwa kwenye orodha.

Asubuhi kiongozi wetu akaongea na watu wa kijijini, na kina mama wawili wakaja na mitungi ya lita ishirini, kila mmoja wake. Malipo, mia tatu kwa kila mama. Sisi tukatangulia na mabegi yetu ya gramu tukipiga picha, wao wakafuata na kata kichwani, ile pete ya kitambaa, na ndala miguuni. Mmoja alikuwa wa rika la mama yangu. Tulipopumzika chini ya mti nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza taratibu: "Nyathina, kwani nyinyi mnapanda huko kutafuta nini?" Nilikosa jibu. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jioni, juu, rafiki yangu akatangaza kwamba uzito wake wa msingi ni kilo nne na nusu kamili. Hiyo ndiyo alama inayotafutwa: pauni kumi kwenda chini, ukihesabu kila kitu isipokuwa chakula, maji na mafuta ya kupikia. Watu wakapiga makofi. Ile mitungi miwili ilikuwa pale pale kando ya moto.

Najua sababu ya kutohesabu maji. Yanapungua njiani, kwa hivyo hayakupi kipimo thabiti cha kulinganisha. Sawa. Lakini Homa Hills wakati wa kiangazi maji ndiyo mzigo wenyewe, hayo mengine ni mapambo. Lita nne kwa mtu mmoja ni kilo nne, karibu sawa na vitu vyote ulivyojivunia kuvipima. Ukiyaondoa kwenye hesabu hayajatoweka, yamehamia kwenye shingo ya mtu.

Na shingo hizo zimepimwa, bana. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake juu ya wanawake wa hapa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mzigo unaofika asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu kuliko kutembea mikono mitupu. Utafiti wa 1995 ukaeleza sababu: mwendo wao ni kama pendulamu, nguvu ya hatua moja haipotei bali inaingia kwenye hatua inayofuata. Tangu hapo kuna watu hupenda kusema "wamezoea". Mwaka 2010 watafiti wengine wakawapima wanawake wa Kixhosa kule Afrika Kusini na hawakuupata muujiza huo. Na hata ukiuamini ule wa 1986, piga hesabu: mtungi wa lita ishirini, kwa mwanamke wa kilo sitini, ni theluthi ya mwili wake. Ashapita ile asilimia 20 kitambo. Mama yangu amebeba maji hivyo ujana wake wote, na leo hii hawezi kugeuza shingo kumwangalia anayemwita kutoka nyuma. Anageuka mwili mzima.

Kwa hivyo mtu akiniuliza anunue begi gani, namwambia begi ndilo la mwisho. Kwanza tandika vitu vyako vyote kitandani, pamoja na maji, yote. Vipime kwa mizani ya duka. Punguza: jinzi ya pili, betri ya tatu, ile spika. Kikibaki chini ya kilo tisa hivi pamoja na maji, hauhitaji fremu, na hata mkanda wa kiunoni unaweza kuishi bila. Lita thelathini na tano au arobaini zinatosha wikendi. Kikizidi kilo kumi na mbili, lile begi jepesi la bei ghali ndilo litakalokuumiza, kwa sababu halina mfupa wa kupeleka mzigo kiunoni na mabega ndiyo yanalipa. Hapo nenda mitumba ukatafute begi kuukuu lenye fremu, la kilo mbili, na usione aibu.

Aibu ndiyo inauzwa hapa. Huu utamaduni wa mizigo myepesi haukuanzia dukani. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Ohio, Emma Gatewood, mama wa watoto kumi na mmoja, alitembea Appalachian Trail yote akiwa na miaka 67, amevaa raba, na vitu vyake kwenye mfuko wa denimu alioushona mwenyewe na kuutundika begani. Pazia la bafuni ndilo lilikuwa kinga yake ya mvua. Ray Jardine, ambaye kitabu chake cha 1992 ndicho wengi wanakiita chanzo cha mambo haya, naye alijishonea begi lisilofika nusu kilo. Walikuwa wanakwepa duka. Sasa duka limewameza na kututemea sisi bei. Hata Dyneema, kitambaa kinachosifiwa leo, kizazi chake cha kwanza kilitengenezwa kwa matanga ya mashua za mashindano. Nilipoisoma hiyo nilicheka, maana mimi nimekua nikiona matanga ya mitumbwi yameungwaungwa kwa magunia, na hakuna aliyewahi kuniambia huo ni uvumbuzi.

Mimi begi langu limeshonwa Migori, na fundi anayeshona mabegi ya shule. Nilimpelekea hema la mtumba lililovunjika nguzo, kanda za nailoni na kipande cha sponji la godoro kwa ajili ya mikanda. Alitaka kuweka zipu tano, nikamwambia mdomo wa kukunja tu. Tukabishana kuhusu mfuko wa mbele, akashinda, na alikuwa sahihi. Jumla, vifaa na ufundi, shilingi elfu moja mia nane. Gramu mia saba, kwenye mizani ya muuza omena. Lilifumuka bega la kushoto safari ya pili. Akalirudia bure huku akinitukana kwamba nilimharakisha.

Tena fundi wa hapa anaijua nchi. Yule Mmarekani wa orodha anasema beba chupa nyepesi za kutupa. Jaribu kuingia nazo Ruma, ambako plastiki za matumizi ya mara moja zimepigwa marufuku kama kwenye mbuga zote tangu Juni 2020. Anasema begi jeusi halionyeshi uchafu. Bonde la Lambwe lina mbung'o, na mitego ya kuwanasa inatengenezwa kwa kitambaa cha buluu na nyeusi kwa sababu rangi hizo zinawavuta. Utakuwa umejitangaza. Langu ni la rangi ya vumbi, shauri la fundi. Na vile vitambaa vyembamba vinavyopitisha mwanga, miiba ya migunga ya huku ikivipata, shilingi zako zote unaziona zikichanika laivu.

Sijasema watu wa vijijini wasilipwe kubeba. Yule mama alihitaji ile mia tatu, angetufukuza kama ningeanza kuhubiri pale. Nasema alipwe zaidi, abebe kidogo, na aandikwe kwenye orodha. Ukijisifu kwa kilo nne na nusu, sema pia lita arobaini zilipandishwa na akina nani.

Desemba tunaenda Thimlich Ohinga, kilomita arobaini na kitu kutoka Migori mjini, zile kuta za mawe zilizopangwa bila simiti hata chembe, na ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Tutateremka Macalder na kutembea kilichobaki. Kila mtu na maji yake, na mizani nitakuja nayo mimi. Nimemwalika yule rafiki. Amekubali, akaniuliza kama kuna kibanda cha kuuza maji njiani. Nimemwambia aje na mtungi.