Mashine imechukua taa. Na jicho je?

Mitihani imekaribia na saa hizi nilitakiwa niwe maktaba, lakini kuna jambo limenikaa kooni, acha nilitoe kwanza.

Juzi kwenye semina jamaa mmoja kasimama, kifua mbele, kasema utunzaji wa minara ya taa za kuongozea meli ni mfano safi wa kazi iliyostahili kufa. Eti ni kuwasha jioni na kuzima asubuhi, basi. Darasa zima likaitikia. Mimi nakataa!

Kuwasha na kuzima mashine iliweza zamani sana. Msweden Gustaf Dalén alibuni vali inayofunga gesi jua likitoka na kuifungua giza likiingia, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lakini kule Uingereza mnara wa Eddystone ulibaki na watu mpaka 1982, na wa mwisho kabisa, North Foreland, mpaka 1998. Miaka yote hiyo walikuwa wanafanya nini? Walitunza injini na honi za ukungu, ndiyo. Lakini pia walikuwa WANATAZAMA.

Septemba 1838 Grace Darling, binti wa mtunza mnara wa Longstone, alichungulia dirishani akaona meli ya Forfarshire imepasuka mwambani. Yeye na baba yake wakapiga makasia kwenye dhoruba ile. Watu 9 wakaokolewa kwa safari mbili. Longstone haina mtunzaji tangu 1990. Taa inawaka vizuri tu, ila taa haichungulii dirishani.

Najua mtaniambia meli siku hizi zina GPS, na maisha ya mnarani yalikuwa upweke mtupu. Kweli kabisa, sibishi. Lakini GPS inakuambia wewe uko wapi, haimwambii mtu mwingine kwamba unazama.

Tazameni Kanada. Mwaka 2009 walitaka kuondoa watunzaji waliobaki. Wavuvi na marubani wa ndege ndogo za majini wakapiga kelele, kwa sababu watu wale ndio wanaowapa hali ya hewa na kuwasaidia wakipata matatizo. Kamati ya Seneti ikaenda kusikiliza, na 2010 ikashauri mpango usimamishwe. Mpaka leo pwani ya British Columbia bado ina watunzaji.

Hoja yangu ni hii: mhasibu anahesabu kilichoandikwa kwenye mkataba. Yale mtu anayoyafanya kwa sababu tu yupo pale, hayana safu kwenye jedwali lake. Sisi kesho ndio tutakaokaa maofisini kuamua nani abaki na nani aende. Kabla hujasaini, nenda kamwulize mwenye kazi anafanya nini hasa, usimwulize mwenye jedwali.

Haya, rusheni mawe. Nipo.