Mukombero wa Shambani

Mizizi ya mukombero inayouzwa mjini Kakamega, ikiwa imefungwa vifungu vifungu na kunukia kama vanila, haikosi wateja, hasa wanaume (sababu wanaijua wenyewe). Kwa miaka mingi mizizi hiyo ilichimbwa katika msitu ulio karibu, na mmea ulioondolewa mizizi ndio basi tena. Kwa hiyo kazi ya Kikundi cha Wakulima wa Muliru inanishawishi kuliko uzio wowote: wakisaidiwa na kituo cha utafiti cha icipe, walianza kupanda katika mashamba yao mrihani wenye harufu ya kafuri, wakaukamua mafuta kwa mvuke na kuuza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 wakapata Tuzo ya Ikweta. Mukombero nao ungeweza kupandwa shambani vivyo hivyo. Wapo wanaosema biashara huamsha ulafi, kwamba aliyeonja pesa ya mzizi atachimba zaidi. Ni kweli kwa kinachochimbwa msituni, si kwa kinachopaliliwa nyuma ya jiko la mwenyewe. Swali gumu zaidi ni hili: kichupa cha dawa kitamlisha nani, wakati mama anayeishi pembezoni mwa msitu anahitaji kuni jioni hii? Hakitawalisha wote. Ndiyo maana usimamizi wa pamoja unaoruhusiwa na sheria ya misitu ya Kenya ya 2016 usiishie kwenye doria na miche, bali ufikirie pia kuni na kipato cha wakazi. Wanunuzi nao waweke mkataba wa bei kabla ya msimu, maana mkulima akikosa soko ataung'oa mrihani apande mahindi, na jembe la wachimba mukombero litarudi msituni.