Mazoezi ya pamoja Swima: bidoni zinatosha, lakini mpango ni lazima

Swima, Fizi – Vijana wengi wa familia zilizokimbia vita wanapitisha siku wameketi tu. Mashamba wameyaacha nyuma na nyavu hawana. Wazo la kuwakutanisha na wenyeji kwa mazoezi ya nguvu ni zuri na linafaa kuungwa mkono. Lakini huku Fizi, kundi la vijana linalokimbia alfajiri kwa mstari mmoja linaweza kudhaniwa kuwa ni la wapiganaji, na dhana hiyo inaweza kuua.

Ndiyo maana mpango uanze na watu kabla ya misuli. Chefu wa kijiji, wakubwa wa familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wa makanisa wajue siku, saa na wasimamizi. Uwanja uwe mahali peupe, ambapo kila mpita njia anaona kinachofanyika. Saa iwe jua limekwisha kuchomoza. Nyimbo na nguo za kijeshi zikatazwe, na fimbo zisishikwe kama bunduki. Akija mtu kutafuta vijana wa kubeba silaha, mazoezi yavunjwe siku hiyo hiyo.

Mazoezi yenyewe hayadai pesa. Mtindo wa kuzunguka vituo ulibuniwa mwaka 1953 na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, Morgan na Anderson. Kila mtu anafanya kwa kadiri ya nguvu zake, kisha anahamia kituo kinachofuata.

Kwa watu 12, vituo 6 vinatosha, wawili wawili: kuchuchumaa na kusimama, pompi, kupanda na kushuka jiwe imara, kuinua mfuko wa mchanga, kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, na kutembea na bidoni mkono huu na huu. Miguu ikichoka, kituo kinachofuata kiguse mikono au tumbo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo anayeanza atie lita 5 tu katika kila bidoni.

Kazi ni sekunde 30, kupumua na kuhama sekunde 30. Mzunguko mmoja ni dakika 6. Mizunguko 3, na dakika 2 za kupumzika katikati, ni dakika 22. Ongeza dakika 8 za kupasha mwili mwanzoni na 5 za kujinyoosha mwishoni: jumla 35. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa juma. Siku mbili zisizofuatana zinatosha kuanza.

Wapo watakaosema: mama anayebeba maji na kuni kila siku anatafuta mazoezi gani tena? Wana haki. Huyo asisukumwe. Pengine anachohitaji ni kunyoosha mgongo, na saa yake mwenyewe pamoja na wanawake wenzake. Lakini kijana aliyeketi mwezi mzima chini ya turubai hana mzigo huo, na nguvu zake zinapotea.

Njaa nayo isifichwe. Anayekula mara moja kwa siku afanye mzunguko mmoja au atazame, bila kuchekwa. Mwenye homa au kuhara abaki nyumbani na apelekwe kituo cha afya. Kipindupindu kinajulikana sana kando ya ziwa hili, kwa hiyo maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe, na kikombe kimoja kisizungushwe kwa watu wote.

Mazoezi hayatajaza sufuria wala kurudisha mtu kwao. Yanachoweza ni kuwaweka mwenyeji na mkimbizi kwenye kituo kimoja, mmoja akihesabu, mwingine akiinua. Wasimamizi basi watoke pande zote mbili. Mkimbizi akialikwa kama mgeni tu, juma la tatu hatarudi.