Mwacheni mchoma mkaa!

Jamani, huu wimbo umenichosha. Kila mvua zikichelewa na maji ya Mto Ruvu yakipungua, sisi wasomi wa mjini tunamnyooshea kidole mchoma mkaa. Eti hana elimu, eti anamaliza misitu, eti akamatwe. Huku tunasubiri kuku wa kuchoma. Anachomwa kwa nini, kwa dua?

Tuseme ukweli. Mchoma mkaa wa Kilosa au Rufiji hautumii yeye huo mkaa. Unaoteketea ni wetu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa nchi inatumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu yake inaishia Dar es Salaam. Ikaipa biashara hiyo thamani ya dola milioni 650 hivi kwa mwaka, kahawa na chai zikiwa nyuma kwa mbali sana. Na serikali ilikuwa inapoteza kama dola milioni 100 za mapato kila mwaka, kwa sababu mkaa mwingi unapita pembeni ya utaratibu. Kahawa ina bodi yake, chai nayo ina bodi yake. Mkaa una geti la maliasili na lori la saa nane usiku. Anayezijua njia hizo anajua pia chai ya aina nyingine inanywewa wapi...

Mnakumbuka Januari 2006? Mkaa ulipigwa marufuku. Kwani watu waliacha kupika maharage? Bei ilipanda, walalahoi wakaumia, na marufuku yenyewe haikudumu.

Sasa wimbo ni nishati safi. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sina ugomvi na lengo, moshi unaua mama zetu. Ugomvi wangu ni huu usanii wa kugawa mitungi kwenye mikutano, picha zikapigwa, waheshimiwa wakapanda mashangingi wakaondoka. Mtungi ukiisha je? Kuujaza ule mdogo wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mama wa Mbagala anayeishi kwa hela ya siku hana elfu ishirini ya mkupuo, ana buku mbili. Kwa buku mbili muuza mkaa jirani anampimia kopo, na jioni watoto wanakula. Kwa mwezi huenda mkaa unamgharimu zaidi ya gesi, lakini yeye hapokei mshahara wa mwezi! Mita za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu zilishaanza kutumika hapa hapa Dar. Hela ya mitungi ya picha ingepelekwa huko.

Tena gesi ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje. Ya kwetu ya Songosongo ilifika Dar kwa bomba mwaka 2004, ya Mtwara ikafuata 2015, na karibu yote inakwenda kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Nyumba zilizounganishwa ni za kutafuta kwa tochi.

Kwa hiyo mkaa tutakuwa nao miaka mingi, tupende tusipende. Kilosa walishaanza kujaribu njia nyingine tangu 2012, kwa fedha za Uswisi. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake na kuigawa vitalu vya mita 50 kwa 50. Wanakata kimoja, wanaruka kingine. Visiki vinaachwa vichipue, na kitalu hakirudiwi mpaka miaka 24 ipite. Ushuru ukaingia kwenye mfuko wa kijiji chenyewe, yakajengwa madarasa na zahanati. Wachomaji ni wale wale, matanuri bado ni ya udongo. Kilichobadilika ni kwamba msitu ulikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa analipwa.

Wilaya nyingine zinazoilisha Dar zinasubiri nini? Mfadhili mwingine?