KODI NA HESABU YA WATU KISUMU

Serikali ni kama mwenye nyumba: watoto wakiongezeka, chungu kile kile hakiwatoshi. Mwaka 2009 Kaunti ya Kisumu ilihesabiwa watu 968,909. Mwaka 2019 walikuwa 1,155,574. Waliozidi ni 186,665, nao wote wahitaji maji, zahanati na barabara.

Fedha hutoka wapi? Katiba ya mwaka 2010 yaamuru kaunti zote pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kanuni ya kuzigawanya hutazama pia idadi ya watu. Zilizosalia kaunti hujitafutia yenyewe: kodi ya viwanja, leseni za biashara na ushuru wa soko.

Hapa ndipo penye jambo. Mama auzaye samaki sokoni Kibuye hutoa ushuru, biashara iwe njema au mbaya. Mwenye kiwanja Milimani hutozwa kwa thamani iliyoandikwa daftarini. Bei ya ardhi ikipanda na daftari lisiandikwe upya, mzigo humwelemea mdogo. Kwa hiyo hapana budi daftari lifuate kukua kwa mji. Mzigo ukigawanywa kwa haki, hubebeka.