Springi Fupi Si za Barabara Yetu

Mwandishi anayedai kwamba Subaru Impreza hutulia barabarani mara tu inaposhushwa kwa springi fupi amesahau barabara zetu. Aje Kawangware 56 jijini Nairobi baada ya mvua, mashimo yamejaa maji na tuta linafuata tuta. Springi fupi huinyima shokomzoba nafasi ya kushuka. Ikigonga mwisho wake, tairi huruka, na tairi iliyoruka haishiki chochote. Anayependa kukata kona abadilishe kwanza bushi zilizochakaa, kisha atafute shokomzoba imara zinazolingana na springi, kimo cha gari kibaki kilekile cha kiwandani. Na kukata springi kwa grainda, anakokusifu mwandishi huyo kwa unafuu, ni kuhatarisha maisha ya abiria: springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake.